Roboti Mpasuaji, na Fundi Wake ni Nani?



Muhula huu hakuna jambo lililoleta ubishi mabwenini kama habari za mashine za kupasulia watu. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa akitufundisha nyenzo, akatuambia ya kuwa siku hizi daktari aweza kuketi kando ya mgonjwa, au mbali naye kabisa, akashika vishikio viwili, na mikono ya chuma ikafanya kazi ndani ya tumbo la mgonjwa kwa kuongozwa na kompyuta. Tangu siku hiyo tumegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema hiyo ni anasa ya matajiri, haituhusu sisi watu wa milimani. Kundi la pili lasema tungoje tu. Mashine zitakuja, na madaktari wa ng'ambo watatupasua kwa njia ya waya, basi shida zetu zitakwisha. Mimi sikubaliani na kundi lo lote kati ya haya mawili, na kwa kuwa katika mdahalo dakika zangu 3 zilikwisha kabla sijasema nusu ya niliyokusudia, namwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu.

Yafaa kwanza tuelewane twasema juu ya kitu gani. Zamani, mtu akiwa na ugonjwa wa kifuko cha nyongo au wa kidole tumbo, ilikuwa lazima apasuliwe mpasuo mkubwa ili mikono ya daktari ipate kuingia. Mwaka 1980 daktari mmoja Mjerumani, Kurt Semm, huko Kiel, aliondoa kidole tumbo kwa kupitia matundu madogo, na wenzake wengi walimlaumu vikali. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo, na mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, akafanya vivyo hivyo. Baada ya hapo dunia nzima ikafuata.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari hutoboa matundu matatu au manne, kila moja yapata upana wa kidole au pungufu. Tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi likainuka kama hema, ili pawe na nafasi ya kufanyia kazi. Katika tundu moja huingizwa kamera nyembamba yenye taa, na katika matundu mengine huingizwa vyombo virefu vya kushikia, kukatia na kushonea. Daktari hatazami tumbo. Hutazama picha katika kioo cha televisheni. Kazi hii si rahisi. Ni kama mtu anayekoroga ugali kwa mwiko mrefu uliopitishwa katika tundu la ukuta, huku akitazama chungu katika kioo. Tena, kwa kuwa ukuta wa tumbo umekuwa egemeo la wenzo, mkono ukienda kushoto ncha ya chombo huenda kulia. Wenzangu wanaouliza nyenzo zafaa nini nje ya mtihani, jibu ni hilo.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mwaka 1994 Marekani iliruhusu mkono wa mashine ulioitwa AESOP, ambao kazi yake ilikuwa kushika kamera tu bila kuchoka wala kutetemeka. Baadaye mashine hiyo ilifundishwa kutii sauti: daktari akisema neno la amri, kamera husogea. Mwaka 2000 ikaruhusiwa mashine iitwayo da Vinci, ambayo daktari wake huketi kwenye meza maalumu, macho yake ndani ya kioo kinachoonyesha kina cha vitu, vidole vyake katika vishikio, na miguu yake juu ya pedali. Kompyuta huchukua mwendo wa mkono wake na kuupunguza. Mkono ukienda sentimita 3, ncha yaweza kwenda sentimita 1 tu. Kutetemeka kwa mkono huchujwa. Na ule ubaya wa kushoto kuwa kulia huondolewa, maana kompyuta hugeuza hesabu yenyewe. Ncha za vyombo zina kifundo mfano wa kifundo cha mkono wa mtu. Kwa hiyo roboti huyu hajipangii kazi yake mwenyewe. Ni wenzo mrefu wenye akili ya hesabu, na mtu ndiye anayeuongoza.

Sasa nijibu kundi la kwanza, wanaosema haya ni anasa. Wanasema: akina mama wanahitaji damu na dawa za kawaida, nasi twazungumza kompyuta! Ni kweli kwamba mambo ya kwanza lazima yawe ya kwanza. Lakini kupasuliwa kwa matundu madogo si urembo. Kidonda kidogo huuma kidogo, hupona upesi, na uchafu haupati mlango mpana wa kuingilia. Mjomba wangu alipasuliwa tumbo kwa njia ya zamani wakati wa kupanda viazi. Alipona, nasi twamshukuru Mungu na madaktari. Lakini alikatazwa kubeba mzigo kwa wiki nyingi, na shamba lake, ambalo liko kwenye mteremko ambako hata jembe hupumzika, lililimwa nusu. Mwaka ule kabichi za kupeleka sokoni Lukozi zilikuwa chache, na watoto wake walikaa muda mrefu bila sare mpya. Mtu wa ofisini akilala kitandani mwezi mzima mshahara wake waweza kumfuata. Mkulima wa Usambara akilala mwezi mmoja, hakuna anayemfuata ila magugu. Je, ni nani basi anayehitaji kidonda kidogo zaidi ya yule anayeishi kwa mgongo wake?

Tena jambo hili si geni nchini mwetu. Muhimbili hupasua kwa matundu madogo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015, huzibua mishipa ya moyo kwa mrija mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja, bila kufungua kifua. Wengi wa wazazi wetu huitaja hospitali hiyo kwa fahari, na wana haki. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Yako kwetu tayari, ila yako mbali. Kutoka Rangwi mgonjwa hupita Lukozi na Magamba mpaka Lushoto, kisha huteremka zile kona za Soni mpaka Mombo, na hapo safari ya Tanga, Moshi au Dar es Salaam ndiyo kwanza inaanza.

Sasa kundi la pili, wanaosema tungoje waya. Nakiri kwamba hoja yao ina mvuto. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa kifuko cha nyongo mama mmoja aliyelala Strasbourg, Ufaransa, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka alipo. Amri ya mkono wake ilivuka bahari na picha ikarudi kwa muda usiofika sehemu 2 za kumi za sekunde. Na mwezi Juni 2025 daktari Vipul Patel, akiwa Florida, Marekani, alimpasua tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola. Luanda ni Afrika hii hii. Basi wenzangu wasema: kama Luanda, kwa nini si Lushoto?

Lakini na watazame vizuri nani alikuwako Luanda. Kando ya mgonjwa walikuwako madaktari wapasuaji, tayari kushika kisu endapo waya ungekatika. Alikuwako wa kumtia mgonjwa usingizi, walikuwako wauguzi, na walikuwako mafundi wa mashine na wa mawasiliano. Waya haukuondoa haja ya watu wenye ujuzi kando ya kitanda, uliiongeza. Mahali pasipo na mtu awezaye kufungua tumbo kwa mkono wake, hapafai kupasuliwa mtu kwa mkono wa mwingine aliye ng'ambo. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili mtegemea mkono wa nduguye aweza kufa kabisa.

Kuna neno la pili. Kitu kipya si lazima kiwe bora kwa kila kazi. Mwaka 2023 huko Marekani ulitolewa uchunguzi juu ya wagonjwa zaidi ya milioni 1 waliotolewa kifuko cha nyongo. Wale waliopasuliwa kwa roboti waliumizwa mfereji wa nyongo kiasi cha kuhitaji kutengenezwa mara nyingi zaidi kuliko waliopasuliwa kwa matundu ya kawaida: karibu 7 katika kila 1,000, na wengine karibu 2 katika kila 1,000. Hesabu zote mbili ni ndogo, na katika upasuaji wa namna nyingine roboti huweza kuwa na faida yake. Lakini twajifunza kwamba bei kubwa na usalama mkubwa si ndugu wa tumbo moja.

Na bei yenyewe? Roboti mmoja wa aina hii aliye mpya huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, yaani zaidi ya shilingi bilioni 2, mbali na malipo ya matengenezo ya kila mwaka. Kisha vyombo vyake huhesabiwa na kompyuta. Kila chombo kimewekewa idadi ya mara za kutumika. Zikitimia, mashine hukikataa, na lazima kinunuliwe kingine. Watengenezaji wasema ni kwa ajili ya usalama, na huenda ikawa hivyo. Lakini mkulima anayenoa jembe lake mpaka libaki kipande atashangaa kuambiwa kwamba jembe ndilo litakaloamua siku ya kuacha kulima. Anayenunua mashine kama hiyo amenunua pia haki ya mtu mwingine kuifunga. Jambo hilo lipimwe kabla ya kutia sahihi.

Basi mimi nasemaje? Nasema tupande ngazi kwa vidato vyake, wala tusingoje kurushwa paani.

Kidato cha kwanza ni watu. Hapa twaweza kujisifu kidogo. Tangu miaka ya 1960 Tanzania iliwafundisha waganga wasaidizi kupasua, na wakinamama wengi wa vijijini waliokolewa na mikono yao wakati madaktari wapasuaji walikuwa wachache mno. Na katika siku za karibuni kuna mfano mwingine mzuri. Kuanzia Oktoba 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walikuja Muhimbili kwa zamu za wiki mbili mbili, kufundisha kazi ya kuingiza sindano na mirija mwilini kwa kuongozwa na picha: kuzibua figo, kukamua usaha, kufungua njia ya nyongo iliyozibwa, vyote bila mpasuo mkubwa. Hawakuja madaktari peke yao, bali walikuja na wauguzi na mafundi wa picha, ili kila mtu wa Muhimbili apate mwenzake wa kumfundisha. Mwaka 2019 masomo hayo yakawa ya chuo, pale MUHAS. Yaani wageni walikuja si kutufanyia, bali kutuachia kazi. Vivyo hivyo mwaka 2023 Kigali ilifungua chuo cha IRCAD Africa, tawi la kile chuo cha Marescaux cha Strasbourg, ambapo wapasuaji wa Afrika hujifunza matundu madogo na roboti bila kuvuka bahari. Kigali si mbali kama Ufaransa.

Kidato cha pili ni vyombo vinavyolingana na hali yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzao wa Uganda, wametengeneza kamera ya tumboni ya bei nafuu iitwayo KeyScope, ambayo huchomekwa katika kompyuta ndogo ya mapajani na kupata umeme wake humo humo. Huko mashambani kaskazini mashariki mwa India, madaktari huinua ukuta wa tumbo kwa chuma maalumu badala ya kuujaza hewa, hivi kwamba hawahitaji mitungi ya gesi, na mgonjwa aweza kupigwa sindano ya ganzi ya mgongoni badala ya kulazwa usingizi kamili. Hiyo ndiyo akili ninayoipenda. Mtu ameangalia mlima wake, ameona umeme hukatika na mtungi huchelewa barabarani, akatengeneza chombo cha mlima huo.

Kidato cha tatu ndicho kilichonifanya niandike. Ni fundi.

Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walitoa matokeo ya kuchungua orodha za vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Waliona kwamba karibu 40 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Na sababu kubwa hazikuwa za ajabu: watu hawakufundishwa, hapakuwa na mpango wa kuvitunza, na umeme na maji havikuwa vya kutegemewa. Vifaa hivyo vingi havikuwa roboti. Vilikuwa mashine za kawaida. Sasa ikiwa mashine ya kunyonya maji yalala stoo kwa ajili ya fyuzi, roboti wa bilioni 2 atalala kwa ajili ya nini?

Katika darasa letu niliuliza wenzangu watakuwa nani. Wengi walisema daktari. Wengine wakasema mwanasheria, mwalimu, mwanajeshi, mfanyabiashara. Hapana hata mmoja aliyesema fundi wa vifaa tiba. Si ajabu, maana wazazi wetu wakisikia neno fundi humwona mtu mwenye mafuta mikononi anayengoja gari liharibike. Wazazi wapenzi, nawaomba kwa heshima mlifikirie upya jambo hili. Fundi wa vifaa tiba husoma Fizikia, Hesabu na Biolojia, na elimu yake hutolewa hapa nchini, DIT na MUHAS. Daktari mmoja humponya mgonjwa mmoja kwa saa ile. Fundi aliyetengeneza mashine ya usingizi amewatumikia wagonjwa wote watakaolala chini yake mwaka mzima, nao hawatajua jina lake. Mtoto akichagua kazi hiyo asiambiwe kwamba ameshindwa udaktari.

Na hapa niongeze neno juu ya lugha. Mashine hizi husema na mtu kwa kioo: taa, alama na maneno ya onyo. Maneno hayo kwa kawaida huwa ya Kiingereza au ya lugha nyingine ya ugenini. Sisi wa sekondari twakisoma Kiingereza na bado twakwaruzana nacho. Je, mtu aliyekesha zamu ya usiku, kengele inalia, mgonjwa yu wazi, atasoma sentensi ndefu ya onyo kwa utulivu? Kama AESOP iliweza kufundishwa sauti ya daktari mmoja mmoja, sioni kwa nini mashine za kesho zisifundishwe maneno mepesi kama juu, chini, simama, rudi. Kiswahili husemwa na mamilioni ya watu katika nchi nyingi. Serikali zetu zikinunua kwa pamoja na kusema kwa sauti moja, "Twataka onyo lisomeke kwa Kiswahili, twataka vitabu vya matengenezo, twataka vipuri na mafundi kufundishwa kabla ya malipo ya mwisho," muuzaji atasikia. Mnunuzi mmoja mmoja, mwenye haraka, hasikilizwi.

Kuna atakayesema kwamba mtoto wa Kidato cha Nne ajua nini juu ya mikataba ya serikali. Kweli, sijui mengi. Lakini matumbo yatakayofunguliwa mwaka 2050 ni ya kwetu sisi tulio madarasani leo, na mikono itakayoyafungua ni ya kwetu pia. Watu wazima hawatatuudhi wakituruhusu kufikiri mapema.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, ambayo hayahitaji dola hata moja. La kwanza, kwa walimu wetu: Klabu ya Sayansi ipewe redio, pasi na simu mbovu zilizoko majumbani, tuzifungue, tuzichore na kuzifunga tena, fundi hafundishwi kwa ubao peke yake. La pili, kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu: msiikimbie Fizikia kwa kuwa ni ngumu, kila chombo nilichokitaja hapa kimetoka katika kurasa zile zile za nyenzo, mwanga na umeme mnazoziruka. La tatu, kwa wazazi: siku ya mkutano wa wazazi, mkiuliza watoto wangapi wamefaulu, ulizeni pia wangapi wanajua kutengeneza kitu.

Roboti atakuja, sina shaka nalo. Atakapofika katika hospitali za nchi hii, ataletwa kwenye sanduku kubwa pamoja na mzungu wa kulifungua, na mzungu huyo atakaa siku chache kisha atapanda ndege. Asubuhi ya kesho yake taa nyekundu itawaka. Nataka siku hiyo awepo mtoto wa Rangwi aliyevaa koti la fundi, mwenye bisibisi mfukoni na hesabu kichwani, atakayeitazama taa ile bila hofu.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV